Plastiki isiyoishtua damu

Mtu akiingia chumba cha dayalisisi, pale damu ya wenye figo zilizoshindwa husafishwa kwa mashine, kwa mara ya kwanza, jicho lake huenda kwa mashine: kioo kinachowaka, namba zinazobadilika, pampu inayozunguka bila kuchoka. Mashine ndiyo kazi yangu na naiheshimu, lakini figo haimo ndani yake. Figo ni lile bomba la plastiki lililobanwa ubavuni, urefu wake sentimita 30 hivi, ambalo wagonjwa wetu huliita filta. Ndani yake mmepangwa nyuzi zaidi ya 10,000, na kila uzi una tundu katikati lenye upana wa maikromita 200 hivi. Damu hupita ndani ya nyuzi, maji ya dawa hupita nje yake yakielekea upande wa pili, na uchafu huvuka ukuta kutoka kwenye damu kuingia majini. Kuta zote hizo zikikunjuliwa na kutandikwa chini, ni mita mraba moja na nusu hadi mbili za plastiki zinazogusana na damu ya mtu.

Mita mraba mbili. Kwa saa nne, mara mbili au tatu kwa wiki, miaka nenda miaka rudi. Haya ndiyo ninayotaka kuyaandikia leo, kwa sababu mazungumzo yetu yote kuhusu figo hapa Mombasa huwa ni ya bei, foleni na bima, na sikatai kwamba hayo yanaumiza. Lakini kile kinachoigusa damu hakizungumzwi hata kidogo.

Nilisoma kemia, kisha ajira ikanileta kwenye ufundi wa mashine hizi. Jioni nikipata nafasi hupita kwenye maabara ya chuo kuwasaidia vijana wanaojifunza kutengeneza tando za polima, yaani molekuli ndefu kama zile za plastiki. Kwa hiyo mchana naona filta iliyoganda, jioni naona kijana akijaribu kumimina utando ambao haugandishi damu. Umbali kati ya hivyo viwili ndio unaonikosesha raha.

Tatizo lenyewe ni hili. Damu iliumbwa itembee ndani ya mishipa tu. Ukuta wa mshipa una seli hai zinazoiambia kila wakati itulie. Ikigusa kitu kingine chochote, hata kikiwa kisafi namna gani, huchukulia kwamba mwili umejeruhiwa. Ndani ya sekunde chache protini hujibandika juu ya kitu hicho. Mholanzi mmoja aliyefanya kazi New York, Leo Vroman, aliyekuwa mwanasayansi wa damu na mshairi pia, alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba protini hizo hazikai palepale: zinazofika mapema, kama albumini, hung'olewa na nyingine zinazokuja nyuma yao, ikiwemo fibrinojeni, ile protini ya kugandisha damu, nayo hupishana na nyingine. Ikiwa fibrinojeni imekaa vibaya juu ya plastiki, chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoziba majeraha, huishika, hubadilika umbo, huziita nyenzake, na bonge limeanza. Yaani damu haikutani na plastiki yenyewe. Inakutana na lile tabaka la protini lililoitangulia. Anayetaka kutengeneza plastiki njema kwa damu hana budi kuamua ni protini gani zitakaa juu yake na zikae vipi, au ahakikishe hazikai kabisa.

Bado hatujafika hapo. Ndiyo maana kuna heparini, dawa ya kuzuia damu isigande.

Pampu ikivuta mililita 300 kwa dakika, lita 72 za damu hupita kwenye filta kwa saa nne, na mtu mzima ana lita tano hivi tu, kwa hiyo damu ileile huzunguka tena na tena. Bila kitu cha kuizuia isigande, mzunguko mzima ungeziba. Heparini hushikamana na protini iitwayo antithrombini na kuifanya ifanye kazi yake mara 1,000 kwa kasi zaidi. Ni dawa nzuri, ya bei nafuu, na imeokoa watu wengi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Sina ugomvi na heparini. Nina ugomvi na hali ya kuwa hatuwezi kuiacha.

Nitataja mambo mawili yanayonifanya niseme hivyo, na yote mawili ninayaona hapa kwetu.

La kwanza ni mama aliyejifungua akamwaga damu nyingi, presha ikamsumbua, figo zikazima. Mama kama huyu anahitaji dayalisisi, na figo zake mara nyingi zinaweza kuamka tena akivushwa majuma machache. Lakini kumtia heparini mtu ambaye kidonda cha uzazi bado kinatoka damu ni kumhatarisha. Basi tunamsafisha bila heparini. Muuguzi anasimama pale na kila baada ya nusu saa, au hata robo saa, anasukuma maji ya chumvi kwenye filta kuiosha. Maji hayo nayo lazima yatolewe tena mwilini. Mimi natazama namba za shinikizo. Zikianza kupanda taratibu najua nyuzi zinaziba moja moja; rangi ya filta hubadilika kuwa nyeusi kwa mistari, na kwenye kile kikombe kidogo cha kunasa hewa, pale damu inapokutana na hewa, ukingo mweusi hutokea. Wakati mwingine tunawahi kumrudishia damu yake. Wakati mwingine mzunguko unaganda wote, na mililita 150 hadi 200 za damu zinatupwa pamoja na mipira, kwa mama ambaye tayari alikuwa amepungukiwa na damu. Ukishaliona hilo kwa macho yako, suala la kemia ya uso wa plastiki haliwi tena somo la darasani.

Kuna njia ya sitrati, ambayo hushika kalisi (kalsiamu), madini yanayohitajika damu igande, kwenye damu inapoingia filta ili isigande, kisha kalisi inarudishwa kabla damu haijarudi mwilini. Inafanya kazi vizuri, ila inadai kalisi ipimwe tena na tena na watu waliozoea kazi hiyo, na si kila kituo kinaweza.

La pili linahusu asili ya dawa yenyewe. Heparini nyingi duniani hutolewa kwenye utando laini wa utumbo wa nguruwe. Katika mji kama huu si jambo dogo. Bibi mmoja wa Mji wa Kale, mtu wa heshima, aliwahi kuniita huku mipira imeshafungwa mkononi.

“Mwanangu, nimeambiwa hii dawa mnayonitia yatoka kwa nguruwe. Ni kweli?”

“Ni kweli, Bi Mkubwa.”

“Na nyingine hamna?”

Nikamweleza ninavyojua: kwamba kwa hali yake, pale tulipo, hakukuwa na badala iliyo salama kama hiyo. Alikwenda akamuuliza sheikh wake. Masheikh wengi huruhusu kwa hukumu ya dharura, pale ambapo badala haipo na maisha yako hatarini, na ndivyo alivyoambiwa. Akarudi, akaendelea na matibabu kwa moyo mtulivu. Lakini swali lake la pili limebaki kwangu. Hukumu ile imesimama juu ya neno moja, kwamba badala haipo, na kuipata badala ni kazi ya mkemia. Sheikh hawezi kumfanyia.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana historia ya jambo hili ni historia ya watu waliohangaika na uso wa kitu. Mwaka 1913, huko Baltimore, John Jacob Abel na wenzake waliipitisha damu ya wanyama kwenye mirija ya kolodioni, utando mwembamba unaotokana na selulosi, na kuizuia isigande walitumia hirudini, iliyokamuliwa kutoka kwa ruba. Georg Haas wa Giessen, Ujerumani, alimsafisha binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924, kwa kolodioni na hirudini hizohizo, kisha akahamia heparini. Willem Kolff, mwaka 1943, katika mji wa Kampen nchini Uholanzi uliokuwa chini ya majeshi ya Ujerumani, alizungusha mrija wa selofani, ule uliotengenezwa kwa ajili ya soseji, kwenye pipa la mbao lililozamishwa nusu majini. Wagonjwa wake wa kwanza karibu wote walikufa. Mwaka 1945 mama mmoja wa miaka 67 akapona. Na mwaka 1960 huko Seattle, Belding Scribner na fundi Wayne Quinton walitumia mirija ya Teflon kuunganisha mshipa na mshipa mkononi, ili mgonjwa asichomwe upya kila safari. Waliichagua Teflon kwa sababu vitu haviigandi. Mgonjwa wao wa kwanza, Clyde Shields, aliishi miaka 11 baada ya hapo. Mashine ilikuwepo kabla. Kilichofungua mlango wa matibabu ya muda mrefu kilikuwa kipande cha plastiki.

Baada ya hapo ukaja utando wa Cuprophan, uliotawala kwa miaka mingi. Huu ulikuwa selulosi, kitu cha mmea. Nawasisitizia sana vijana wa maabara jambo hili, kwa sababu kila mwaka anakuja mmoja na wazo kwamba kitu cha asili lazima kitapatana na damu kuliko cha kiwandani. Selulosi ilifanya nini? Uso wake umejaa makundi ya hidroksili (oksijeni na hidrojeni zilizoshikana), na hayo huamsha mfumo wa komplimenti, protini za damu zinazowinda vijidudu. Dakika chache baada ya dayalisisi kuanza, chembe nyeupe za mgonjwa zilishuka ghafla kwa sababu zilikuwa zimekwenda kujazana kwenye mapafu. Hilo lilielezwa vizuri katika utafiti uliochapishwa mwaka 1977. Wagonjwa walibanwa na kifua, wakaumwa mgongo, na wengine walidhani ndivyo dayalisisi ilivyo. Tiba yake ilikuwa ni kuyafunika yale makundi ya hidroksili, kwa mfano kwa kuigeuza selulosi kuwa asetati, na baadaye kuiacha selulosi na kwenda kwenye polima za kutengenezwa.

Mfano wa pili wa jambo hilohilo ni kitosani, inayotokana na maganda ya kamba. Sisi tuko ufukweni, maganda yapo, na wazo linavutia. Lakini kitosani hugandisha damu. Hutiwa kwenye bendeji za kuzuia majeraha yasitoke damu. Ukitaka kuitumia ndani ya filta, huna budi kwanza kuibadilisha kemia yake, uitie makundi ya salfati mpaka ifanane na heparini. Wakati huo umeshaondoka kwenye kitu cha asili, na sioni ubaya wowote. Damu haiulizi kitu kimetoka wapi. Inauliza uso wake ukoje.

Filta nyingi za siku hizi ni za polisalfoni au binamu yake polietha-salfoni. Ni polima ngumu, inayostahimili joto, hivyo inaweza kusafishwa kwa mvuke badala ya gesi ya ethileni oksaidi iliyowahi kuwaletea wagonjwa mzio. Kasoro yake ni kwamba haipendi maji, na uso usiopenda maji hujaa protini haraka. Kwa hiyo watengenezaji huichanganya na polima nyingine inayopenda maji, polivinili-pirolidoni, ambayo hushika tabaka la maji juu ya uso. Anayenunua samaki mbichi pale feri ya Likoni anajua anavyoteleza mkononi kwa ute wake. Tabaka hilo la maji hufanya kazi namna hiyo, protini ikija haina pa kushika. Tatizo ni kwamba hiyo polima ya pili huyeyuka majini, na kidogo yake huweza kuoshwa na kutoka. Hiyo ni sababu moja, pamoja na kutoa hewa, ya sisi kuisuuza filta mpya kwa maji ya chumvi kabla ya kuifunga kwa mgonjwa. Wagonjwa huona tunachelewesha. Hatuchelewi.

Utafiti unakoelekea sasa unanipa matumaini, ingawa si sawa kwa njia zote. Njia moja ni kuifunga heparini kwenye utando wenyewe, na filta za namna hiyo zinauzwa. Zinaweza kumsaidia yule mama wa kujifungua. Kwa Bi Mkubwa hazijabadilisha kitu, maana heparini ni ileile. Njia nyingine, ambayo watafiti wa Chuo Kikuu cha Sichuan nchini Uchina wameifanyia kazi nyingi, ni kuipa polietha-salfoni makundi ya salfonati na kaboksili ili iige tabia ya heparini bila mnyama yeyote kuhusika. Naipenda njia hii, lakini ina mtego. Makundi hayo yana chaji hasi, na chaji hasi zikizidi huamsha upande mwingine wa damu na kutoa bradikinini, inayoporomosha presha. Hilo lilishatokea: miaka ya karibu na 1990, wagonjwa waliotumia utando wa AN69, wenye chaji hasi, huku wakinywa dawa za presha za kundi la enalapril, walipata mishtuko mikali. Na mwaka 2008 heparini iliyochanganywa na kondroitini iliyotiwa salfati kupita kiasi iliwadhuru na kuwaua watu, wengi wao wakiwa wagonjwa wa dayalisisi, na chanzo kilikuwa bradikinini hiyohiyo. Kwa hiyo kipimo cha chaji ndiyo kazi yenyewe. Anayesema “tuongeze salfonati tu” hajasoma mambo haya.

Njia ya tatu ndiyo ninayoiwekea moyo: polima zenye chaji chanya na hasi pamoja katika molekuli moja, zikisawazishana. Wajapani, akiwemo Kazuhiko Ishihara, walitengeneza polima inayoiga kichwa cha mafuta yaliyoko kwenye ngozi ya nje ya chembe nyekundu za damu, fosfokolini. Hoja yao ni nyepesi na nzuri: chembe nyekundu hukutana na damu maisha yake yote bila kuigandisha, basi plastiki ivae vazi lake. Uso kama huo hushika maji kwa nguvu, na jumla ya chaji zake ni sufuri.

Hapa kwetu vijana wanafanya kidogo kinachowezekana. Polisalfoni inayeyushwa, inamwagwa juu ya kioo na kusawazishwa iwe nyembamba, kisha kioo kinazamishwa majini, na polima inaganda ikiacha vitundu. Vitabu vinasema hivyo na kuendelea. Havisemi kwamba Mombasa unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 70, na kwamba kabla kioo hakijafika majini, hewa yenyewe imeshaanza kuugandisha utando. Msimu wa masika unauona unageuka mweupe mbele ya macho yako, na vitundu vya juu vinakuwa vikubwa kuliko ulivyokusudia. Sasa wanamwagia ndani ya sanduku lenye silika jeli, inayofyonza unyevu, na wameanza kuupima unyevu na kuuandika kila mara. Mmoja wao, binti wa Changamwe mwenye subira kuliko mimi, ameona kwamba unyevu ukidhibitiwa unaweza kuwa chombo cha kupangia vitundu. Ni kweli, na viwandani hutumika hivyo.

Kupima ndiyo sehemu ngumu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 10993-4 hutaka uangalie mabonge, mfumo wa kuganda, chembe sahani, chembe nyinginezo za damu, na komplimenti. Sisi tunaweza kuanza na kupasuka kwa chembe nyekundu, ambapo chini ya asilimia 2 huhesabiwa kwamba utando hauzipasui. Vijana walitaka damu ya mbuzi, maana inapatikana kichinjioni kila asubuhi. Niliwakataza. Chembe nyekundu za mbuzi ni ndogo mno na hupasuka upesi. Utando mzuri ungeonekana mbaya. Damu ya ng'ombe ni afadhali kwa kuchuja sampuli za mwanzo, na kwa zile chache zitakazofaulu itahitajika damu ya binadamu waliokubali kwa hiari, kwa kibali cha kamati ya maadili. Hilo la kibali tumeliwekea msimamo, hata kama litachelewesha.

Sitawaambia wagonjwa kwamba filta ya Mombasa inakuja. Kutoka utando wa ukubwa wa kiganja hadi nyuzi 10,000 zilizofungwa bila tundu hata moja linalovuja, zikasafishwa, zikapimwa, zikaidhinishwa, ni safari ya viwanda na miaka. Ninachotaka ni wepo watu hapa wanaoweza kuichukua filta iliyoletwa bandarini, wakasoma imetengenezwa kwa nini, wakaijaribu, na wakaiambia hospitali ipi imfae mama anayevuja damu na ipi imfae mwenye mzio. Leo ununuzi mwingi huangalia bei na ukubwa wa mita mraba tu, na aina ya utando haiulizwi.

Sampuli tulizonazo sasa ni polisalfoni iliyochanganywa na polima yenye sulfobetaini, yenye chaji mbili zinazosawazishana, kwa viwango vitatu tofauti. Zinasubiri kipimo cha muda wa kuganda, na mashine ya kazi hiyo hatuna. Ukiwa unafanya kazi kwenye maabara ya hospitali hapa Pwani na mashine yenu hupumzika alasiri, tafadhali niandikie. Plazma na vitendanishi tutaleta wenyewe.